Mkalimani wa Malaba na Dawa za Homoni

Ukiwa na sherehe ya posa upande wa Malaba, na wakwe hawaelewani lugha, ushauri ulikuwa mmoja tu: mtafute Akurut. Siku za kazi aliuza vitenge karibu na barabara ya malori. Jumamosi alikuwa mkalimani. Kiteso alizaliwa nacho, Kiswahili alisoma nacho, Kiganda aliokota kwa wateja, na Kisamia alikuwa akibahatisha. Mhubiri akiruka, naye aliruka. Mzee akinong'ona kwa hasira, naye alinong'ona kwa hasira ileile. Wako watu waliokuja mikutanoni kumsikiliza yeye wala si mgeni rasmi. Alijua hivyo, na jambo hilo lilimfurahisha sana.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja siku mambo yalipoharibika. Ilikuwa posa kule Kocholia. Wakwe walitoka Funyula, na msemaji wao akasimama kutangaza kwa Kiswahili kwamba wameleta ng'ombe watano. Akurut akawageukia wazee wa Kiteso, akafungua mdomo. Hapo hapo joto likapanda kutoka kifuani hadi utosini, kama mtu amemfunulia sufuria ya ugali usoni. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Na lile neno la ng'ombe, neno alilolijua kabla hajaota meno, likatoweka.

“Wameleta…” alisema kwa Kiteso. “Wameleta vile vitu vitano. Vya maziwa.”

Boma zima likaangua kicheko. Walidhani anachekesha, kama kawaida yake. Mzee mmoja alicheka hadi akadondosha fimbo. Akurut naye akacheka. Lakini alimkumbuka nyanya yake mzaa mama, ambaye mwisho wa maisha yake aliwaita wanawe kwa majina ya watu wasiojulikana.

Kwa miezi miwili alikataa kila mwaliko. Alisema koo linamuuma. Dukani alipima kitambaa akasahau mita ngapi, akapima tena. Shuka zake ziliamka zimelowa, na yeye aliamka amechoka kuliko alivyolala. Mumewe, Emuron, fundi wa malori aliyestaafu, mtu wa maneno machache, siku moja walipokuwa wakinywa chai alimwambia, “Mama Quinton, hilo koo lako linakutoa jasho?”

 Jumatatu Akurut alifunga duka na kwenda Busia, kwenye kliniki moja ndogo ambayo mteja wake alikuwa akiisifu. Daktari alikuwa mama wa makamo aitwaye Hanan, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Alimsikiliza Akurut mpaka mwisho bila kuangalia simu.

“Hedhi ya mwisho uliona lini, mama?”

“Mwaka jana, mwezi wa nane. Si nimezeeka tu, daktari?”

“Hujazeeka. Hedhi imekoma, na mwili unazoea. Hilo joto, jasho, kukosa usingizi, hata kusahausahau maneno, wanawake wengi sana hupitia.”

Akurut aliinuka kwenye kiti. “Kwa hivyo sijaanza kupoteza akili? Si kama nyanya yangu?”

“Sioni dalili hiyo. Tutaendelea kuangalia, lakini unayonieleza yote yanaelekea huku.”

Mwenyewe husimulia kwamba alitamani kumkumbatia yule daktari, meza na yote. Alicheka kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Miezi miwili amejizika akiwa hai, kumbe ana kitu chenye jina!

“Sasa tiba ipo?” aliuliza.

Daktari Hanan akavaa miwani. Ipo, alisema, ila ni ya kupimwa kwanza. Homoni ambayo mwili wake umeacha kutengeneza inaweza kurudishwa kidogo. Kwa kuwa bado ana kizazi, angehitaji mbili: estrojeni, na projesteroni ya kukilinda kizazi. Zikitumiwa pamoja kwa miaka, hatari ya saratani ya matiti hupanda kidogo. Vidonge vya estrojeni vinaweza kuleta damu kuganda. Ile ya kupaka kwenye ngozi haina sana shida hiyo. Mtu aliyewahi kupata saratani ya titi, kiharusi au damu kuganda, kwa kawaida hapewi. Na ziko dawa nyingine zisizo za homoni, akizipendelea.

“Na maneno yangu yatarudi?”

“Hapo sitakuahidi. Joto na jasho hupungua kwa wengi. Na ukilala vizuri, kichwa nacho hupumzika. Lakini presha yako iko juu, mia hamsini na nane. Tuishushe kwanza. Wewe nenda ukafikirie.”

Akurut alipenda kwamba hakuahidiwa. Maishani mwake alikuwa ametafsiri ahadi nyingi mno.

Dada yake, Anyait, aliyeolewa Tororo, aliposikia alivuka mpaka wa Uganda Jumapili iliyofuata. “Homoni? Utaota ndevu! Na shangazi je, si alikufa kwa titi? Mama yetu alitumia nini? Alivumilia.”

“Mama alikuwa hapati usingizi,” Akurut akasema. “Sisi tukadhani ana hasira.”

 Neno hilo liliwagonga wote wawili. Lakini la shangazi halikuwa la kupuuzwa, na Akurut alilipeleka kwa daktari kama lilivyo. Wakahesabu: shangazi aliugua akiwa na miaka sabini na minane, na hakuna mwingine katika ukoo. Daktari akaandika, akampima matiti, akamtuma apigwe picha. Picha ikatoka safi. Vidonge vya presha navyo vikafanya kazi yake.

Ikabaki kuamua. Jioni moja Emuron alimtaka amweleze yote, tena kwa Kiteso, ili asikie vizuri. Basi Akurut akasimama sebuleni, akafanya kazi yake. Alipofika kwenye hatari za daktari alizieleza kwa uzito, bila kupunguza hata moja. Alipofika kwenye usingizi, sauti yake ikapanda yenyewe, mikono ikaruka, akajikuta anatembea huku na huku kama yuko jukwaani. Emuron akatabasamu.

“Umesikia ulivyosema?” aliuliza.

Alikuwa amesikia. Kesho yake akaenda kuanza.

Ilikuwa jeli ya kupaka mkononi kila asubuhi na kidonge laini cha jioni. Wiki mbili za kwanza matiti yaliuma na hakuona tofauti yoyote, akaanza kunung'unika. Wiki ya tano aliamka na shuka kavu. Aliipapasa upande wake, akapapasa na upande wa Emuron kuhakikisha, kisha akamwamsha mzee wa watu kumwonyesha shuka! Magoti bado yalimuuma, na kuna siku alitafuta funguo akiwa amezishika. Lakini alilala. Na alipolala, alirudi kuwa na hamu ya watu.

Mwezi wa tatu Daktari Hanan alimpigia simu. Yeye daktari alikuwa amealikwa kuzungumza na akina mama kwenye ukumbi wa kanisa nje ya Kocholia, na Kiteso hakijui. Angekuja?

Angekuja! Aliwahi kuliko waliopanga viti.

Daktari alipotaja kukoma kwa hedhi, Akurut hakutafuta neno moja tu la Kiteso la kulitafsiri. Alilieleza lote, joto, shuka, machozi ya bure, na ukumbi ukaanza kuvuma. “Mimi nilidhani nimerogwa!” mmoja akapaza sauti. Mwingine akasema alihama kitanda miaka minne. Daktari alisisitiza kwamba dawa si za kila mtu, kwamba kila mmoja apimwe na aamue lake, na Akurut alilitafsiri hilo mara mbili, polepole, akiwatazama usoni.

Kisha bibi mmoja wa miaka sabini hivi akasimama, akasema maneno marefu kwa Kiteso, na ukumbi ukalipuka. Wanawake walishikana mabega wasianguke.

“Amesema nini?” daktari akauliza.

Akurut alikuwa akifuta machozi ya kicheko. “Anauliza, kwa hivyo yeye kumpiga mumewe kwa mwiko mwaka ule, ilikuwa homoni? Anataka umwandikie barua ampelekee mzee.”

Mkutano uliopangiwa saa moja ukachukua saa tatu. Mlinzi wa kanisa aliposimama mlangoni na funguo, bado mikono kumi na zaidi ilikuwa juu, na Akurut, sauti imekauka, alikuwa akionyesha kwa kidole: wewe mama wa kitambaa cha njano, kisha wewe, kisha wewe.