Rangi ya Upande wa Mbele

Mume wangu alifariki Jumapili, na Jumanne asubuhi mafundi rangi walikuwa juu ya bati. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akifa, nyumba yake inatengenezwa kabla mwili haujaletwa, wageni wasije wakasema. Majina ya wote waliopanda ninayo, ila hapa siyaandiki.

Bati letu hapa Sombetini lilishika kutu miaka mingi. Marehemu mwenyewe aliomba lipakwe, watoto wakajibu tutaangalia.

Fundi mkubwa alisubiri jua likaushe umande, maana alisema rangi haishiki kwenye bati bichi. Kisha akaanza kusugua kwa brashi ya waya. Vumbi jekundu likadondokea kwenye sufuria za msibani.

"Shikamoo bibi," alisema kutoka juu. "Na hii kutu nayo niiamkie, imenizidi umri."

Wanawake wakacheka. Mimi niliitikia marahaba, basi.

Nilikuwa na jambo moja tu. Upande wa nyuma, juu ya kitanda changu, palikuwa panavuja. Nilimwomba mwanangu wa kwanza waanze huko, wazibe matundu ya misumari kwa lami, ndipo wapake.

"Mama, turubai linafungwa mbele. Wageni watakaa mbele."

"Mimi nalala nyuma."

"Tutamalizia tukishazika."

Wifi yangu alikuwa anamenya ndizi pale pale. "Wifi, mwenzio yuko mochwari, wewe unabishana habari za bati?"

Nikachukua kisu, nikamenya naye. Wakapaka mbele mara mbili, rangi ya maruni. Jumamosi tulizika. Watu waliisifu nyumba, nami nikawashukuru mmoja mmoja. Jumatatu watoto walirudi makazini kwao.

Masika yalipoanza niliweka beseni kitandani, nikalala pembeni yake. Wiki ya pili godoro likalowa. Nikamwita jirani, tukavuta kitanda hadi sebuleni. Hapo ni pakavu.

Mwanangu yule wa kwanza alipiga simu. "Mama, mvua huko vipi? Bati linavuja?"

"Huku mbele halivuji."

"Si unaona? Rangi nzuri ile."

"Nzuri," nikamwambia. Nikamuuliza kama wajukuu wameshafungua shule.

Chumba cha nyuma nimekifunga. Koti la marehemu la kanisani limebaki humo kwenye msumari. Sijaenda kulichukua.