Karatasi ya KARIBU MAMA: Idd niliyotengeneza mapambo na mwanangu

Wakuu, salaam aleikum, na wasiotumia salamu hiyo hamjambo. Leo sikuja na siasa wala mpira. Nimekuja na jambo lililotokea sebuleni kwangu, hapa Bongwe, na sitalitia chumvi kwa sababu halihitaji.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa mkwezi wa minazi niliyekwenda Doha kuosha sufuria. Nikajisomesha kwa mshahara wa sufuria hizo hizo mpaka nikapata diploma ya hoteli, nikapanda hadi msimamizi wa karamu. Nimepamba kumbi ambazo baadhi yenu humu mngevua viatu mlangoni. Kitambaa cha meza nikikishika mimi hugeuka bata. Nyumba yangu ina tailizi mpaka jikoni, na hakuna harambee iliyochangia hata msumari.

Wenye wivu watanisamehe. Tuendelee.

Kila mwaka nilikuwa narudi mara moja tu, karibu na Idd. Mke wangu alikuwa na desturi yake. Alikaa chini na binti yetu Rukia, wakakata karatasi ya manila, wakaandika KARIBU BABA kwa rangi, pembeni wakabandika nyota za karatasi za peremende. Wakavuka kivuko, wakaja nayo uwanja wa ndege Mombasa.

Nikitoka na toroli, niliiona ile karatasi kabla sijawaona wao. Wenzangu walipokewa na madereva wa teksi. Mimi nilipokewa kama waziri.

Na mtoto akinililia katikati ya mwaka, mama yake alimwambia, "Nyamaza. Idd ikifika, kila aliye safarini hurudi kwao."

Wakuu, yashikeni maneno hayo.

Mwaka jana mke wangu aliugua ghafla. Alitoka nyumbani kwa gari la jirani, na mfuko wa nguo mkononi, akampungia mtoto mkono dirishani. Hakurudi. Kwetu hatucheleweshi maziko, kwa hivyo nilipotua nilikuta kaburi limeshafukiwa, huko kwao Kinondo. Rukia alikuwa amepelekwa Msambweni kwa shangazi yake ili asione kilio. Alipouliza, akaambiwa mama amesafiri.

Nani alimwambia? Sote. Ndivyo tusemavyo kwetu. Mtoto mdogo hatajiwi mauti. Aliponiuliza mimi, nami nikaitikia: ndiyo, amesafiri.

Nikaacha kazi, nikabaki. Mama mkwe wangu akahamia kwetu kunisaidia kulea.

Ramadhani ilipoingia nikaanza kuiogopa Idd. Mtoto alikuwa amenyong'onyea. Anakula, anakwenda madrasa, anarudi, anakaa. Nikajiambia, wewe si ndiye uliyekuwa ukifurahisha watoto wa mabwanyenye? Utashindwa na wako?

Nikatangaza mtaani: watoto wote waje kwangu jioni, tutengeneze mapambo ya Idd.

Walikuja, wakuu. Hata watoto wa majirani zetu Wakristo kutoka bara walikuja. Tulikata miezi na nyota, tukatengeneza taa za karatasi, tukatoboa vifuu kwa msumari tukaweka mishumaa ndani. Kila jioni niliwapa mambo mawili matatu ya kuwashangaza. Kwamba mwezi hauna mwanga wake, unaazima wa jua. Kwamba Idd hutangulia kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka, ndiyo maana hutukuta mara kwenye mvua, mara kwenye jua. Kwamba kule Ghuba, katikati ya Ramadhani, watoto hupita nyumba kwa nyumba na vifuko shingoni wakikusanya njugu na peremende.

Binti mmoja wa jirani, Shiro, ulimi kama wembe, akaukagua mwezi niliokata mimi mwenyewe. "Uncle, hii mwezi yako inakaa kama ndizi."

"Hiyo ni kazi ya mtu mwenye diploma," nikamjibu.

"Diploma ya ndizi?"

Rukia akacheka. Cheko la kwanza tangu mama yake aondoke. Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta gundi.

Kuanzia hapo akawa wa kwanza kukaa mkekani. Jioni moja akaniuliza, "Baba, mtu akiwa mbali sana, huuona mwezi huu huu?"

"Huu huu. Dunia nzima ina mwezi mmoja."

"Kwa hivyo ukiandama hapa, naye atajua?"

"Atajua."

Akatabasamu, akaomba karatasi moja ya manila akafanyie kazi chumbani. Siri, alisema. Nikampa. Nikapiga picha za mapambo nikaweka kwenye status, watu wakamiminika kunisifu. Nikaona nimeweza.

Ikafika jioni ya mwezi. Tumefungua saumu, redio imetangaza mwezi umeonekana, watoto nje wanapiga kelele na vifuu vyao vinavyowaka. Mama mkwe yuko jikoni anaroweka mchele wa pilau.

Rukia akatoka chumbani. Amevaa viatu. Mkononi ana karatasi ya manila, imeandikwa kwa rangi KARIBU MAMA, na pembeni nyota za karatasi za peremende.

"Baba, chukua ufunguo. Tutachelewa kivuko."

"Twenda wapi?"

"Kumpokea mama. Mwezi si umeandama? Wewe ulirudi, yeye akaenda. Sasa ni zamu yake kurudi."

Jikoni nikasikia sufuria imewekwa chini taratibu.

Wakuu, nimekabiliana na wageni wa kila aina. Nimetuliza maharusi waliokosa keki. Ufunguo niliuacha pale pale ulipotundikwa.

Nikamketisha mkekani, nikamwambia. Sikusema amesafiri, wala amelala, wala yuko kwa Mungu anatuangalia. Nilisema, "Mama amekufa. Aliyekufa harudi, hata Idd."

Aliitazama karatasi yake. Kisha akasema, "Lakini Bibi alisema amesafiri."

Mama mkwe alikuwa ameshasimama mlangoni, mtandio umelowa machozi. "Nilishindwa kulisema, mjukuu wangu. Ni mwanangu."

"Na wewe, Baba?"

"Nami nilishindwa."

Hakulia mbele yetu. Alivua viatu, akavipanga vizuri kama alivyofundishwa, akaingia chumbani na karatasi yake.

Asubuhi, baada ya sala ya Idd, wanaume hupita makaburini kuwasomea waliotangulia. Rukia akanishika kanzu. "Nami nataka kwenda."

Mama mkwe akasema, "Kwetu watoto wa kike hawaendi makaburini." Akamtazama mjukuu wake, akamfunga mtandio vizuri kidevuni. "Mpeleke. Watakaouliza, waje waniulize mimi."

Kinondo kulikuwa kimya. Nilimwonyesha kaburi, nikasoma Fatiha, naye akainua mikono akaitikia amina. Nilipomaliza, nikamwona ameifunua karatasi yake. Akasimama upande wa miguuni, akainyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili, vile vile alivyokuwa akisimama na mama yake wakiningoja.

Alisimama hivyo muda mrefu. Mikono ikaanza kumchoka.

"Baba, nisaidie kushika."

Nikashika upande mmoja. Miaka yote hiyo nimebeba trei zilizojaa vyombo vya watu, bega halijawahi kunilegea. Karatasi ile ilinilegeza.

Kisha akaishusha mwenyewe, akaikunja, na hapo ndipo alipolia.

Nilichojifunza ni hiki. Mapambo ni mazuri, na wenye watoto yafanyeni, ni bei rahisi na yanawakalisha pamoja. Lakini mtoto hakati karatasi bure. Muulizeni anamtengenezea nani. Na msiba ukiingia nyumbani, mwambieni neno lenyewe, kwa upole, mapema. Sisi watu wa safari ndio tusithubutu kabisa kusema "amesafiri", kwa sababu watoto wetu wanajua kuwa msafiri hurudi. Tumewafundisha wenyewe.

Karatasi ameibandika ukutani juu ya kitanda chake. Sijaigusa.

Juzi ameniuliza kama Idd ya kuchinja tutakwenda tena kwa mama. Nikamwambia ndiyo. Akafikiri kidogo, akauliza, "Safari hii tutamtengenezea nini?"

Wakuu, mimi na diploma yangu sina jibu. Aliyewahi kupita hapa anisaidie.