Siku Nilipotafuta Kitufe Chini ya Piano

Jambo hili kwaya yetu yote ya Nyamasaria, hapa Kisumu, inalijua na bado wananikumbusha Jumapili kwa Jumapili, kwa hiyo heri mlisikie kutoka kwangu mwenyewe, maana wakisimulia wao huwa wanasema nililia. Sikulia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, hilo nakubali, lakini kulia sikulia.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza shule na nataka kusomea muziki. Baba yangu ni fundi wa injini za boti pale Dunga, mtu wa maneno machache, na maneno machache aliyonipa yalikuwa haya: "Adhiambo, jaribu mara moja. Wakikukataa unaenda kusomea mambo ya maabara, na sitaki kusikia tena habari ya kinanda." Nikasema sawa, Baba. Wala sikuogopa, kwa sababu nilikuwa nikipiga kinanda kanisani tangu miguu yangu haijafika chini nikiketi, na hakuna mtu aliyewahi kulalamika.

Vyuo nilivyoviwaza vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa hapa hapa mjini, ghorofani juu ya duka la rangi, ngazi zake nyembamba, na ukipita chini unamsikia mtu akirudia sauti moja, moja hiyo hiyo, mpaka unamhurumia. Kingine kilikuwa Nairobi, na kwenye tangazo lao kulikuwa na picha ya piano ndefu nyeusi, inang'aa hata sura ya mpigaji inaonekana ndani yake. (Mkitaka kujua nilivyochagua chuo, ndivyo hivyo nilivyochagua. Sikuuliza mwaka wa kwanza wanafundisha nini, sikuuliza wanataka mtu aje akijua nini. Nilitazama piano.)

Nikawapigia simu. Akapokea mama mmoja mpole, akasema wana usaili hapa Kisumu hivi karibuni, kwenye ukumbi fulani mjini, wazazi wanakaribishwa, halafu akauliza, "Unapiga chombo gani?"

"Kinanda."

"Kinanda cha aina gani? Piano ama kibodi?"

Sasa hapa nivumilieni nieleze, maana mkasa wote umekaa kwenye swali hilo. Kanisani kwetu kinanda ni kile cha plastiki cha kuchomeka kwenye stima, kinachokaa juu ya miguu ya chuma. Wengine wanakiita kinanda, wengine kibodi, wengine ogani, na wazee wanakiita piano, na wote wanaelewana. Kwa hiyo yule mama aliponiuliza piano ama kibodi, nilisikia kama ananiuliza Baba ama Mzee. Lakini neno piano lilisikika limevaa tai. Nikasema, "Piano." Neno moja tu, na kila kilichofuata kilitoka hapo.

"Vizuri," akasema. "Basi utapiga piano yetu, na uje na mtu wa kuimba, umsindikize."

Na kuna jambo la pili la kueleza, halafu nitawaacha mcheke. Kila wimbo una mahali pa kuanzia, juu au chini, kulingana na koo la anayeimba, na mahali hapo sisi tunapaita kii. Kii ikibadilika, vidole navyo lazima vibadilike, vianze kupanda kwenye vile vibao vyeusi, na huo ndio ugumu wenyewe wa chombo hiki. Lakini kibodi zetu zina kitufe, tunakiita transpozi, ambacho ukikibonyeza wewe unabaki pale pale kwenye vibao vyeupe na mashine inakupandishia au inakushushia sauti. Mimi nilikuwa nimelelewa na kitufe hicho. Vibao vyeusi nilivijua kama majirani mnaopishana langoni miaka yote bila kusalimiana.

(Na msinicheke peke yangu, makanisa mengi tunaishi hivyo. Mwimbaji anasimama, hakuambii anaanzia wapi, anafungua mdomo tu na kuanza anapojisikia, na kazi yako ni kumtafuta. Unabonyeza juu, unabonyeza chini, hadi umpate, na waumini wanasema leo Adhiambo amebarikiwa.)

Mtu wangu wa kuimba alikuwa Mama Wambui. Ana duka la viatu mjini, alikuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa bado msichana, na ana sauti nzito tamu inayotoka chini kama maji ya kisima. Nilimwomba aje yeye peke yake. Yeye akatangaza kanisani. Kwa hiyo siku ya usaili nikaingia ukumbini nikifuatwa na Baba pamoja na kwaya karibu yote, sare za kitenge, wengine na watoto mgongoni, wakaketi mistari ya mbele kabisa kana kwamba ni harusi.

Mbele alikuwa mwalimu mkuu wa usaili, mzee mwembamba mwenye miwani ya kamba, na pembeni yake piano. Haikuwa ile ya kwenye picha, hii ilikuwa fupi ya mbao, imesimama wima kama kabati la vyombo, lakini nilifurahi hivyo hivyo. Nikaketi. Nikagusa kibao kimoja, kikalia vizuri. Nikanyoosha kidole cha mkono wa kushoto, bila hata kufikiri, kwenda mahali kitufe kinapokaa siku zote, na kidole kikagonga mbao.

Nikatazama juu ya vibao. Mbao. Nikatazama pembeni. Mbao.

"Tunakusikiliza, binti," mwalimu akasema.

Nikaanza, kwa vibao vyangu vyeupe, kupiga utangulizi wa wimbo wa sadaka tuliotunga wenyewe. Mama Wambui hakuusikiliza utangulizi (hajawahi kuusikiliza tangu nimjue), akafumba macho na kuanza pale pale anapoanzia siku zote, chini kabisa, mbali na mimi. Tulisikika kama redio mbili zinazogombana dukani. Nikamnong'oneza, "Mama, panda kidogo."

"Nipande wapi?" akauliza, na Mama Wambui hajui kunong'ona. "Hapa ndipo nilipozaliwa."

Ukumbi ukacheka kidogo. Kwa ajili yangu akapanda, na mwanzoni ikaonekana kama tutavuka, lakini kibwagizo cha wimbo ule kina mlima, na alipofika kileleni sauti yake ikalia kama bawaba ya lango lisilotiwa mafuta, akaacha, akakohoa, akanitazama kwa macho ya mtu uliyemuuza.

Hapo nikaona vile vikanyagio vya miguu vya shaba. Nikajiambia, kumbe transpozi yao ni ya miguu, watu wa Nairobi wana mambo. Nikakanyaga kimoja, nikapiga. Sauti hazikushuka, zilikataa tu kunyamaza, zikarundikana moja juu ya nyingine kama sufuria zinazoanguka bafuni. Basi nikaamua kwamba kitufe kipo, kitu kikubwa namna hii hakiwezi kukosa kitufe, ila kimefichwa ili watoto wasikichezee. Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya piano.

Sasa jiwekeni mahali pa kwaya. Wanachoona ni mtoto wao, wimbo umemshinda, ameinuka, amepiga magoti na kuinamisha kichwa mbele ya watu wote.

"Tuombe," akasema Mama Wambui.

Nikasikia viti vikisogea, ukumbi mzima unasimama. "Baba wa mbinguni," Mama Wambui akaanza, "hiki chombo ni chako, na huyu mtoto ni wako, na hawa walimu pia ni wako ingawa hatuwajui." Kwaya ikaanza kuvuma nyuma yake kwa sauti nne, nzuri kweli kweli, nzuri kuliko chochote kilichosikika asubuhi ile. Mimi niko chini. Ningeinukaje watu wanaomba juu yangu? Kutoka pale nilikuwa naona viatu tu: viatu vya mwalimu, vimesimama wima kwa heshima, na kule mstari wa mbele viatu vya Baba vyenye madoa ya oili, visivyotikisika. Mama Wambui akaombea vidole vyangu kimoja kimoja. Akaombea roho ya kusahau initoke. Akaombea hata wanafunzi wengine waliongoja zamu, wasikwame kama mimi.

"Amina" ilipofika niliinuka haraka kuliko akili, kichwa kikagonga piano kwa chini, na ndani yake nyuzi zote zikaitika pamoja, ng'ooong, na kuendelea kuitika muda mrefu, kana kwamba nayo imesema amina.

Mwalimu akavaa miwani yake. "Pole. Ulikuwa unaomba?"

Mlango wa kuponyokea ulikuwa wazi kabisa, na kwaya yote ikanitazama nipite. Lakini nimetoka tu kuombewa, ningedanganyaje? "Hapana, Mwalimu," nikasema. "Nilikuwa natafuta transpozi."

Vijana waliongoja zamu, wale wenye kujua, wakapasuka kwa kicheko, na mmoja akageuka kuwaelezea wa nyuma: "Anasema anatafuta transpozi ya piano." Kicheko kikaenda mpaka mlangoni na kurudi. Mama Wambui akauliza kwa sauti yake ile ile, "Transpozi ni nini? Mimi nilikuwa nimeombea uoga."

Mwalimu hakucheka, au alicheka ndani. Aliketi yeye kwenye kiti, akapiga sauti moja na kuniambia niiimbe. Nikaimba. Akapiga nyingine, niseme ni ipi katika do re mi. So, nikasema. La. Akapiga mbili pamoja, kisha tatu, nikazitaja zote bila kuona vidole vyake, maana miaka yote ya kumtafuta Mama Wambui, hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikifanya kumbe.

"Masikio unayo," akasema polepole, akihakikisha nimeelewa. "Mikono ndiyo imekuwa ikibebwa na bodaboda. Umefika kila mahali lakini njia huijui. Kwetu wiki ya kwanza ungepewa kurasa za muziki, upige kwa kii yoyote tunayotaka, na hatumngoji mtu. Ungezama, na ungedhani ni wewe mbaya. Siwezi kukuchukua. Tafuta mahali wanapoanzia na mtu alipo."

Nikasema asante, na sikulia.

Nje, kwaya ilinizunguka ikinipa pole kama msiba. Mimi nilikuwa namtazama Baba tu, kwa sababu jaribio lilikuwa moja na nilikuwa nimelitumia, na ruhusa niliyoitaka kuliko vyote ilikuwa sasa ndani ya mfuko wa koti lake. Alikuwa akifuta viatu kwa leso. Akafuta kimoja, akafuta cha pili.

"Nyathina," akasema hatimaye (maana yake mwanangu, na haniiti hivyo mara nyingi), "nilisema ujaribu mara ngapi?"

"Mara moja, Baba."

"Sasa mimi nimekaa pale mwanzo mpaka mwisho. Sijaona jaribio. Nimeona maombi." Akaikunja leso. "Na yale masikio, injini ikiwa na shida mimi naisikia ikiwa bado majini. Hiyo ni yangu umechukua. Chuo cha juu ya duka la rangi wanafungua saa ngapi?"

Sijui kama nimewahi kupumua namna ile tena. Nikamshika Mama Wambui mkono, naye akasema, "Unaona? Na wewe ulitaka nije peke yangu."

Tulipanda zile ngazi nyembamba siku hiyo hiyo. Mwalimu wa kule, mama mnene mcheshi, hakuniuliza ninapiga nini. Aliuliza, "Ni nini hujui?" Nikaonyesha vibao vyeusi. Akasogeza kiti, akaweka kidole changu juu ya kimoja na kusema tuanze na huyu. Kwa siku nyingi baadaye, yule mtu mnayemsikia mkipita chini akirudia sauti moja hadi mnamhurumia, alikuwa ni mimi, na nawaambia msimhurumie, anafurahi.

Wengi huniuliza siku hizi wachague chuo gani cha muziki, na jibu langu ni hili tu. Msitazame piano iliyo kwenye picha. Nendeni, pandeni ngazi, sikilizeni wanafunzi wakikosea, kisha mseme waziwazi msichokijua muone mwalimu atakaa wapi: akisogea mbali, nanyi ondokeni, akivuta kiti, mmefika. Na mkiulizwa piano ama kibodi, tafadhali, ulizeni tofauti kwanza.

Mimi nimeapa. Kitufe cha kibodi ya kanisa nimekibandika plasta. Mama Wambui bado hasikilizi utangulizi, bado anafumba macho na kuanzia alipozaliwa, nami nanyoosha vidole kwa majirani zangu weusi, nawasalimia, na kumfuata kwa miguu, bila bodaboda.