Koroboi ya Kina Shija

Siku ile ya kesi ya kuigiza naikumbuka, mwanangu, na kadiri ninavyozeeka ndivyo inavyozidi kunikaa kooni. Nasikia nawe unataka kuwafundisha wanafunzi wako uchunguzi wa moto kwa mahakama ya darasani. Ni somo zuri. Ila kaa kwanza nikusimulie.

Nilikuwa mwalimu mgeni huku Ushirombo, kijana, kichwa kimejaa mambo ya chuo. Kidato cha pili niliwagawa: waendesha mashtaka, watetezi, hakimu, na mshtakiwa wa kubuni aliyedaiwa kumwaga mafuta na kuchoma nyumba. Kilichobaki ni ushahidi. Nikipita njiani niliona rundo la jivu na mabaki ya nyumba iliyoungua, limetupwa pembezoni mwa shamba la tumbaku. Nikachimba, nikajaza kopo, nikalifunika barabara ili harufu isipotee. Hapo nilikuwa sahihi. Lakini jivu ni la nani, sikuuliza. Nani, nilijiambia, anauliza habari za takataka?

Kesho yake darasa lilichangamka. Kopo lilipofunguliwa, mafuta ya taa yalinuka, na waendesha mashtaka wakashangilia. Mtetezi akachokora jivu, akatoa koroboi ya kopo la maziwa, mshikio wake umefungwa waya. Akasema harufu ni ya taa hii, iliachwa ikiwaka, mshtakiwa hana hatia. Nilipiga makofi, mwanangu. Hoja ilikuwa safi kabisa.

Shija, binti mpole wa dawati la nyuma, akasimama.

"Huo waya niliufunga mimi," alisema. "Usiku ule sikuizima."

Kisha akakaa. Ndipo wenzake waliponinong'oneza kwamba mdogo wake alifia katika nyumba ile niliyochota jivu lake, na kwamba kwao walisema moto ulitoka jikoni, upepo ukapeperusha kaa.

Jioni mama yake alikuja shuleni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kiti akakikataa. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, ile koroboi niliiona asubuhi ile ile. Nikaizika jivuni kwa mikono yangu, huyu mtoto asijue. Mmoja nilishampoteza. Wewe umeenda kumfukulia."

Nilitamani ardhi inimeze. Shija hakurudi darasani. Baadaye nikasikia yuko machimboni Mwakitolyo, anaponda mawe ya dhahabu. Nilimfuata, nikamsihi arudi. Alinisalimia kwa adabu zote, akaendelea kuponda. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi fundisha somo lako, sikukatazi. Choma mwenyewe godoro kuukuu uwanjani, uwape hilo wachunguze. Na ikibidi uchukue kitu penye msiba, piga hodi kwanza, uliza, ukikataliwa uondoke. Unaweza kupata kweli tupu, na bado kukawa na mama aliyeifunika kwa sababu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mungu akujalie jicho la kuona na mkono mpole, mwanangu. Na Shija, huko aliko, amjalie usingizi.