Nimemchapa Wafula Kwa Sababu ya Umeme

Leo nimemchapa mtu na mkanda wa kinu. Msinihukumu kabla hamjamaliza kusoma.

Hapa Namatala mimi na Wafula tunatumia mita moja. Mimi nasaga mahindi ya posho, yeye anachomelea mageti.

Jioni umeme ni ghali kuliko mchana. Bili ilitaka kutufukuza hapa. Mimi ndiye niliyeweka sheria: jua likizama, mashine moja tu. Hakuna mwingine mwenye akili hiyo mtaa huu.

Leo nimetoka swala ya magharibi, nawasha kinu nisage, mara kinalia kama ng'ombe anachinjwa. Taa zinafifia.

Nikajua ni Wafula.

Sikuuliza. Nilizima kinu, nikashika mkanda wa akiba, nikavuka uchochoro nikamchapa mgongoni. Akageuka, nikamchapa mdomoni. Damu.

Naye si mtoto. Alinikaba shingo akanigonga kwenye geti, kofia yangu ikaruka.

"Hajji, unaniua kwa nini?"

"Umewasha mashine."

"Nimewasha nini? Angalia mkono wangu."

Alikuwa ameshika brashi ya rangi. Mashine yake ilikuwa baridi.

Ndipo tukasikia mngurumo nyuma ya kinu changu. Ni mashine yangu ya kukoboa. Niliiwasha mwenyewe kabla ya kwenda kuswali, nikasahau.

Wafula akatema damu. "Kazime, mzee."

Nimezima. Kwa kupenda kwangu, sikulazimishwa.

Sasa amekaa kwenye benchi langu, kitambaa mdomoni, anangoja neno. Nimemwambia sheria ilikuwa nzuri.

Bado anangoja. Nyinyi mnaonaje, hilo halitoshi?