Vikombe Viwili vya Mheshimiwa

Wiki jana nilisimama Kikopey, pale kwenye mabucha ya kando ya barabara, kula nyama. Redio ya bucha ilikuwa inatangaza kikao cha Bunge, na kabla hata mbavu hazijaletwa mezani nikaisikia ile sauti. Laini, haina haraka, sauti ya mtu aliyeshiba. Meza ya jirani walikuwa wanabishana mambo ya mpira, hawana habari. Mimi nywele zilinisimama. Nilifungiwa nyama yangu kwa karatasi nikatoka, na badala ya kuendelea na safari ya Nairobi nikageuza gari kurudi juu, kuelekea Molo.

Wewe hujui shamba letu, kwa hivyo wacha nikueleze. Zamani lilikuwa la mzungu. Alipoondoka, wafanyakazi wakabaki, na shosho yangu, bibi aliyenilea, alikuwa mmoja wao. Guka, mume wake, alizikwa papo hapo, nyuma ya jikoni. Kitu tulichokosa ni karatasi ya kusema ardhi ni yetu. Kila mwaka tulisikia tutafukuzwa, na kila mwaka tukapanda viazi vivyo hivyo. Na ukungu wa huko, jameni! Unaingia mchana kweupe, unameza ng'ombe huku unamtazama. Tulichuma maua ya pareto ndani ya ukungu huo mpaka vidole vikanuka, na harufu ikatufuata hadi kwenye ugali.

Mheshimiwa alikuwa mbunge wetu wa upinzani, tena mtoto wa jirani, yule mama aliyeuza maziwa. Mbolea, alisema, ije kabla ya mvua. Na kuhusu ardhi alikuwa na msimamo mmoja tu: mtu asitolewe mahali alipozika watu wake. Hakuwa wa kupiga kelele. Alisimama, akanyamaza mpaka Bunge zima likanyamaza, halafu kwa sauti yake ya kukwaruza, yenye lafudhi ya kwetu kabisa, akasema, "Nauliza tu, Mheshimiwa Spika." Swali lilikuwa fupi na halikukosa mtu ndani yake. "Kuna mama mmoja wa pareto kule kwetu. Waziri akimtoa, mzee wake aliye kaburini atamwachia nani?"

Shosho aliirukia redio. "Mwambie! Mwambie tena!" Mama wa pareto alikuwa yeye, na wiki hiyo alitembea shambani kama bibi harusi. Sisi watoto tulicheza Bunge kwenye boma la ng'ombe. Nauliza tu, Mheshimiwa Spika, nani amekula hindi langu?

Lakini kulikuwa na ile stoo. Ilikuwa ya kukaushia pareto, kuukuu, mabati matupu, na Mheshimiwa akija kumwona mamake alijifungia humo kufanya mazoezi. Alianza na upande wa Waziri, halafu akaujibu kwa wake. "Nikiweza kuisema hoja yake kumshinda mwenyewe, hanipati," alimwambia shosho. Sasa wewe pita hapo nje na gunia lako la pareto. Unasikia watu wawili. Mmoja anakwaruza, mwingine analainisha, na mabati yanawaitikia wote. Huyo laini alisema watu watahamishwa kwa faida yao, na wenyewe wamekubali. Tulimwita Yule wa Stoo, na tulipita hapo mbio.

Mwanzoni Yule wa Stoo alishindwa haraka. Halafu, kadiri misimu ilivyokwenda, akazidi kuongea, na Mheshimiwa akazidi kunyamaza. Kuna siku nilisimama nje nikingoja ile "nauliza tu" na haikuja. Niliogopa, sitakudanganya.

Mchana mmoja shosho alinituma nimpelekee Mheshimiwa uji huko stoo. Nikabeba vikombe viwili. Ndani alikuwa peke yake.

"Hiki kingine cha nani, mrembo?"

"Cha yule mwenzako."

Alicheka, lakini alitupa jicho nyuma yake. Nilipoenda kuchukua vyombo, vikombe vyote viwili vilikuwa vitupu. Shosho alinicheka mpaka akashika mbavu. "Si ni yeye amekunywa vyote, mjinga wewe!" Nilitaka sana kumwamini.

Halafu ikaja siku ya Bunge kuamua mambo ya shamba letu. Tulikuwa tunachagua viazi, redio iko juu ya gunia. Mheshimiwa alisimama, akanyamaza vilevile kama kawaida yake. Tukangoja. Sauti iliyotoka ilikuwa ile laini.

"Mheshimiwa Spika, nawahakikishia wenzangu. Kuna mama mmoja wa pareto kule kwetu. Nimeongea naye. Yuko tayari kuhama."

Hakuna mtu aliyekuwa ameongea na shosho. Safari hii hakuirukia redio. Alibaki na kiazi mkononi, akasema polepole, "Huyo ni Yule wa Stoo." Hakuwahi kutumia hilo jina letu la kitoto, na hapo ndipo nikalia.

Alikuja baadaye, ameshavuka upande wa serikali, na gari kubwa jipya. Alibisha kwetu kusalimia. Shosho alimkaribisha kwa heshima zote, akaniambia nilete uji. "Vikombe viwili," akasema. Akaviweka vyote mbele yake, yeye mwenyewe asichukue. Mheshimiwa alivitazama, akanyamaza kama anavyonyamaza Bungeni. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Mama, changu ni kipi? Nauliza tu."

 Uji ukapoa, ukashika utando, na Mheshimiwa akaondoka.

Malori ya kutuhamisha yalikuja kabla ya viazi kukomaa. Shosho alifia kwenye chumba cha kupanga Nakuru, na tukamzika huko, mbali na mzee wake.

Wiki jana nilikuta shamba limezungushiwa waya na kupandwa miti ya mbao mpaka pale jiko lilipokuwa. Kaburi la guka sikuliona. Ukungu uliingia saa zake zilezile. Sauti laini huwa naisikia kwenye redio kila mara, ile nyingine sijaisikia tangu siku ya vikombe. Nilisimama pale stoo ilipokuwa, nikasema kwa nguvu, "Nauliza tu." Nikangoja. Hata mabati ya kuniitikia hayapo, yalishauzwa.