Chupa ya Kijani ya Baba

Shule ilipoagiza trei za mayai za kazi ya mikono, nilivumilia. Nikavumilia makatoni, vizibo, na ile asubuhi ya kutafuta manyoya ya kuku kabla ya chai. Lakini Ijumaa iliyopita nilipoenda kumchukua Neema wangu wa Gredi ya Kwanza, niliona chupa ya marashi ya marehemu baba yangu imesimama dirishani mwa darasa, imeoshwa, imetiwa maua.

"Mama Neema, tuliambia watoto walete chupa nzuri," mwalimu akasema akicheka. "Hii yenu imeshinda zote!"

Nikamuuliza marashi yaliyokuwa ndani yameenda wapi.

"Aai, si ilikuwa kidogo tu? Na ilikuwa inanukanga kama mzee wa kanisa."

Hapo nikafura. Niliyomwambia siwezi kuyaandika.

Mliokulia Mumias wakati wa kukimbiza matrekta ya miwa mtanielewa. Tulikuwa tunavuta muwa mmoja nyuma ya trela, tunajificha nao, tunatafuna mpaka midomo inachanika. Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Jumatatu mpaka Jumamosi alinukia grisi na tyubu. Jumapili alisugua mikono kwa majivu na ndimu, akavaa shati jeupe, halafu akafungua ile chupa ya kijani. Matone mawili: moja shingoni, moja kwenye leso.

Marashi yale hayakuwa ya kubembeleza mtu. Yalianza kwa ukali, kama nyasi zilizofyekwa umande haujakauka, kisha ukasikia uchungu wa jani ulilolisugua kwa vidole, na utomvu wa mti. Ikifika saa ya ingokho mezani, na sisi tumeikodolea macho sahani ya kuku, yalikuwa yametulia, yamebaki kama sabuni na mbao kavu. Ilibidi ukae mapajani mwake ndipo uyapate. "Mwanaume asinukie mlangoni kabla hajabisha hodi," alikuwa anasema. Mama naye alitupa onyo lake: "Atakayegusa hiyo chupa atakula obusuma bila mboga." Kaka yangu aligusa. Akala ugali mkavu siku tatu.

Vijana wa siku hizi, jamani! Wanajipulizia vitu vya kunukia keki na peremende. Unageuka kutafuta nani anasherehekea bathdei, kumbe ni kijana wa miaka thelathini anangoja boda.

Baba alipofariki, nguo zake ziligawiwa kama desturi. Ami akachukua koti, wengine mashati. Mimi niliomba chupa tu, ikiwa imebaki kidole kimoja. Nimezunguka maduka ya Kakamega mpaka nikachoka. Wananionyesha ya bluu, ya dhahabu, wanasema ile ya kijani haikujangi tena. Kwa hivyo sikuwahi kujipaka hata tone. Jumapili nilikuwa nafungua kizibo, Neema ananusa, mimi nanusa, tunafunga. Ndivyo alivyomjua kuka, babu yake ambaye hakuwahi kumwona. Mtoto aliambiwa alete chupa nzuri, akabeba iliyo nzuri kuliko zote kwetu. Yeye simlaumu hata kidogo.

Enzi zetu mwalimu alikuchapa, sawa, lakini kitu cha mzee wako hakukigusa kabla ya kuuliza. Siku hizi kila kitu cha zamani ni cha kutengenezea pambo. Jumapili hii nyumba yangu ilinukia kitunguu tu, na nikaona nimesahau tayari kama utomvu ule ulikuja kabla ya uchungu wa jani au baada yake.

Jumatatu nilipeleka barua kwa mwalimu mkuu, nikangoja mpaka ikapigwa muhuri. Inasema hivi:

"KUH: MARASHI YALIYOMWAGWA

Mimi ni mzazi wa Neema, Gredi ya Kwanza. Siombi fidia, kwa sababu marashi hayo hayauzwi tena. Naomba mwalimu wa darasa amwombe mtoto wangu msamaha. Mtoto alimwambia mara mbili, 'Madam, usimwage, hiyo ni ya kuka,' naye akamwambia anyamaze, akamtuma alete maji ya kuioshea."